Milango Iliyofungwa Kabla ya Misumari

Msomaji wa riwaya za mapenzi na taharuki huijua hadithi kabla hajafika ukurasa wa kumi: binti aliyelelewa katika jumuiya iliyojitenga na walimwengu, chini ya nabii ambaye neno lake halirudishwi, hutoroka usiku wa manane, hujibadili jina, hupata kazi katika mji wa mbali, hukutana na mwanamume mwenye subira, kisha, mahaba yanapoanza kukolea, wale aliowakimbia hubisha hodi. Hadithi za namna hii huandikwa maridhawa Ulaya na Marekani, na wasomaji wake hawakosekani Afrika Mashariki, maana nani asiyependa kumwona mnyonge akinusurika na mpenzi wake yu ubavuni? Mimi nimezisoma kwa raha, pengine zaidi ya inavyompasa mtu wa umri wangu. Walakini zina dhana moja ambayo tarikhi ya nchi hii ninamokaa, baina ya Mbarara na vilima vya migomba vya Isingiro, inaikanusha: zinadhani kwamba kutoka ni tendo la usiku mmoja, na kwamba kinachomzuia mtu ni ukuta na mlinzi.

Magharibi ya Mbarara, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, iko Kanungu, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rukungiri. Huko, asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu, wanaume, wanawake na watoto wao, waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Katika wiki zilizofuata yakafukuliwa makaburi ya halaiki katika nyumba na viwanja vya kundi lile lile, Rugazi, Rutooma, Rushojwa, na Buziga jijini Kampala. Na hesabu ya wafu inayotajwa mara nyingi ikafika watu 778. Wote walikuwa wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya misumari ile, wala siyalaumu. Lakini misumari ilikuwa kazi ya siku moja, nayo ilikuja baada ya miaka kumi na zaidi ambayo milango mingine, isiyoonekana kwa macho, ilikwisha kufungwa mmoja baada ya mwingine, bila kelele, na aghalabu kwa ridhaa ya waliokuwa ndani.

Kigezi, nchi ambamo Kanungu imo, haikuwa ngeni kwa sauti za ghaibu. Kabla Waingereza hawajakita utawala wao, pepo Nyabingi alikuwa na waaguzi wake, wengi wao wanawake, ambao watu waliwapelekea ng'ombe, pombe, hata mabinti, kwa kutaka baraka au kwa kukimbia ghadhabu. Na Muhumuza, mwanamke aliyejitangaza kubeba nguvu za Nyabingi na kuwapinga wazungu kwa silaha, alikamatwa mwaka 1911 akawekwa kizuizini Kampala hata alipofariki mwaka 1945. Richard Vokes, mwanazuoni aliyetoa kitabu kizima juu ya Kanungu mwaka 2009, ameiunganisha harakati ile na mila hiyo kongwe, na pia na msiba wa ukimwi uliokuwa ukizimaliza nyumba za kusini-magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1980 na 1990. Naliona neno lake kuwa na uzito. Wakati ule kila mtaa ulikuwa na yatima, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha juzi, na ng'ambo ya mpaka, huko Kibeho katika Rwanda, wasichana wa shule walikuwa wamesema tangu mwaka 1981 kwamba wanamwona Bikira Maria. Mahujaji walikwenda na kurudi, na habari zikasafiri nao. Katika hewa ya namna hiyo mtu akisema mbingu zimemnena haonekani kuwa mwendawazimu.

Aliyesema hivyo Kanungu aliitwa Credonia Mwerinde, aliyezaliwa mwaka 1952, mwenye baa ya pombe za kienyeji, binti wa Paulo Kashaku ambaye naye alidai kuona njozi tangu mwaka 1960. Mwerinde alisimulia kwamba Mama wa Mungu amemtokea katika pango la Nyabugoto, akaanza kuzunguka akitoa ushuhuda. Na mwaka 1989 ushuhuda huo ukamfikisha Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwenye kilima chenye kanisa kuu la Wakatoliki wa Mbarara. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwapo Joseph Kibwetere. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa mwalimu aliyepata kusimamia shule za Wakatoliki, mwanasiasa wa chama cha DP, mwenye ardhi, mwenye mke na watoto wengi, mtu ambaye akiingia kanisani wengine husogea ili apate mahali pa kukaa. Mwerinde alikuwa na njozi. Kibwetere alikuwa na jina, na shamba. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa, na kwa muungano huo harakati ikapata miguu.

Mwerinde na wenzake wakahamia nyumbani kwa Kibwetere, Kabumba, katika Ntungamo ya leo, na kwa muda wa miaka mitatu hivi nyumba ya mtu na mkewe ikawa makao makuu ya mbingu. Laiti ningekuwa mtunzi wa riwaya, ningekaa hapa sura nyingi, nisiwe na haraka ya kufika kwenye moto. Mke wa Kibwetere, ambaye jina lake naliacha akae nalo kwa amani, aliwapokea wageni kwa imani, kwani naye alikuwa mcha Mungu. Akawapisha vyumba, akawapikia, akaona idadi yao ikiongezeka mwezi hata mwezi. Kisha amri zikaanza kushuka, na zote zilishuka kwa njia moja: Bikira amesema, kwa kinywa cha Mwerinde, nani ale nini, nani alale wapi, na mwenye nyumba auze kitu gani. Gari likauzwa, na mashine ya kusaga pia, kwa masimulizi ya jamaa, ili wafuasi walishwe. Mume alitii. Mke akaanza kuuliza, na kwa kuuliza huko akawa mgeni katika jiko lake mwenyewe.

Hatimaye, mwaka 1992, watu wa nyumba ile na wazee wa kijiji wakasema basi, na kundi likaondolewa. Mama yule alibaki na watoto wake na ardhi iliyosalia. Mumewe, katika umri wa miaka sitini hivi, alifungasha akawafuata wageni hadi Kanungu, kwenye shamba la Kashaku, wala hakurudi tena kuwa mume. Hiki ndicho kisa cha mapenzi kilicho karibu zaidi na riwaya katika tarikhi yote ya Kanungu, na kimekwenda kinyume cha riwaya: aliyenusurika hakukimbia popote, alikataa tu kuondoka kwake, na aliyetoka mlangoni usiku, akiwaacha wampendao, alikuwa akielekea ndani.

Makao mapya yaliitwa Ishayuuriro rya Maria, yaani mahali pa kuokolewa na Maria, na humo ndimo ufungaji wa milango ulipokamilika. Aliyeingia aliuza alichokuwa nacho, shamba, ng'ombe, mabati ya nyumba, akaleta fedha kwa viongozi. Ardhi katika nchi hizi ndiyo humfanya mtu awe na pa kurudi hata akikosana na ulimwengu wote. Mtu aliyeuza shamba la babu yake hana kaburi la kuonyesha wala mgomba wa kukata, na akirudi kijijini hurudi kama mpangaji mbele ya ndugu aliowadharau siku ya kuuza. Baada ya mali ikafuata kauli. Kwa hoja kwamba atakaye kushika amri isemayo usishuhudie uongo ni heri asiseme kabisa, wafuasi walizuiwa kuongea ila katika sala na nyimbo. Wakawa wanaagizana kwa ishara za mikono, shambani, jikoni, hata mama na mwanawe. Jumatatu na Ijumaa walifunga. Wageni walivaa nyeusi, waliotangulia walivaa kijani, na waliokomaa kijani na nyeupe, hata jirani aliyepita barabarani aliweza kujua kwa rangi nani amezama kiasi gani, ingawa asingeweza kumwuliza.

Kisha ikaja zamu ya mahaba. Mume na mke walitenganishwa malalo, tendo la ndoa likapigwa marufuku hata kwa waliooana kanisani, watoto wakawekwa mbali na wazazi. Watu wengi hulitaja jambo hili kama ushahidi wa ukali wa dini yao; mimi naliona kuwa ndilo lililokuwa la hesabu zaidi kuliko yote. Wawili wapendanao huwa na siri, na siri ni kauli ya pili katika nyumba ambamo kauli imetakiwa iwe moja. Mke anayelala karibu na mumewe atamnong'oneza siku moja kwamba chakula kimepungua na mama Mwerinde amenenepa. Neno kama hilo, likinong'onwa mara mbili, hutosha kuibomoa njozi ya miaka. Kwa hiyo watunzi wa riwaya wamekisia sawasawa walipoliweka penzi upande wa uhuru. Walichokosea ni kudhani kwamba penzi humngojea mtu nje ya lango. Huko Kanungu penzi lilikwisha kuondolewa ndani kwanza, kitandani na jikoni, kabla ya kuhofiwa kutoka nje.

Ndugu waliokuja kuulizia hawakupata pa kuanzia. Wafuasi walihamishwa mara kwa mara, aghalabu usiku, kutoka kituo hadi kituo, hata mtu aliyemtafuta dada yake Kanungu aliambiwa yuko Rugazi, na huko Rugazi hakujulikana. Na haya yote yalifanyika katika nuru ya sheria: harakati iliandikishwa na serikali katika miaka ya 1990 kama jumuiya halali, ikawa na shule ya bweni yenye kibali, ambayo ilifungwa mwaka 1998 kwa uchafu na kwa kuwatumikisha watoto. Shule ilifungwa, watoto walibaki mle mle.

Je, hakuna aliyetoka? Walikuwapo, na mashuhuri kati yao ni padre, Paul Ikazire. Mapadre kadhaa walijiunga na Kibwetere, wa kwanza wao kwa elimu akiwa Dominic Kataribabo, aliyesoma Los Angeles katika Chuo Kikuu cha Loyola Marymount na kuongoza seminari. Askofu John Baptist Kakubi wa Mbarara akawazuia kutoa huduma. Ikazire alikaa nao miaka michache, akaona kwamba mwenye amri ni Mwerinde na Kibwetere ni kivuli chenye joho, na mwaka 1994 akaondoka akarejea katika Kanisa Katoliki. Hakutoroka kwa kamba dirishani. Aliondoka kama mtu aondokavyo kazini, kwa sababu alikuwa na pa kwenda: Kanisa lililomkosoa halikuwa limemfutia jina, na alikuwa na elimu, wenzake, na kitanda cha kulala usiku wa kwanza. Mjane wa Rukungiri aliyeuza nusu eka yake ili aletwe Kanungu na wanawe wanne hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Wote wawili walikuwa mbele ya lango lile lile, na kwa mmoja lilikuwa wazi.

Viongozi walitangaza kwamba mwisho wa nyakati ni tarehe 31 Desemba 1999. Jua la Januari likachomoza juu ya migomba kama kawaida yake. Hapo, kwa kauli ya wachunguzi wengi, baadhi ya wafuasi walianza kudai mali zao, na dai la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa njozi nyingine. Siku mpya ikatajwa. Mafahali wakachinjwa, soda zikanunuliwa kreti kwa kreti, ikafanywa karamu; majirani wakaagwa; Kataribabo alikuwa amenunua asidi ya salfa. Kijana mmoja alitoka asubuhi ile kutafuta chakula kwa kuwa njaa ilimzidi, akarudi akakuta moto. Njaa tu ndiyo iliyomwokoa, na miongoni mwa waliobaki ndani walikuwamo mama yake na dada yake. Polisi walidhani mwanzoni kwamba watu wamejiua kwa imani, mpaka makaburi yalipoanza kufukuliwa, na hata chini ya sakafu ya saruji ya nyumba ya Kataribabo, Rugazi, wakaonekana watu waliokufa kabla ya moto, baadhi yao wakiwa na alama za kunyongwa. Wengi wa hawa, nadhani, walikuwa ndio wale waliojaribu kutoka kwa kuuliza.

Wafungwa waliletwa kufukua, wengine mikono mitupu. Tingatinga likawafukia wa Kanungu pamoja, bila majina. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa Aprili 2000. Serikali iliteua tume ya uchunguzi chini ya Jaji Augustus Kania, nayo haikuanza kazi kwa kukosa fedha. Mwaka 2014 polisi wa Uganda walisema wana habari kwamba Kibwetere amejificha Malawi. Wapo waliosema amekwisha kufa kabla ya moto. Na hakuna kiongozi hata mmoja aliyesimamishwa mahakamani. Kwa kuwa waliozikwa hawakuandikwa, ziko koo za Ankole na Kigezi zisizoweza kusema kwa yakini kama jamaa yao amelala Kanungu, au Buziga, au aliondoka kwa miguu yake mwaka mmoja kabla, akaona haya kurudi kwa ndugu aliowauzia uso pamoja na shamba.

Huku Isingiro swali la pa kurudi tunalijua kwa sura nyingine. Kambi ya Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo kando ya ziwa lile wanakaa zaidi ya watu laki moja, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, ambao sokoni huelewana kwa Kiswahili. Makanisa ya turubai na ya matofali mabichi yako kila upande, na Jumapili spika zao hushindana. Sitaki mtu anisome kana kwamba nayaona kuwa Kanungu za kesho, kwa maana mengi yao ndiyo yaliyowapa watu ndugu wa kuwazika. Ninachosema ni hiki: aliyekimbia vita akifika Nakivale huulizwa jina, hupewa kadi, huonyeshwa kiwanja cha kujenga na kulima, naye japo amepoteza nyumba ana karatasi inayokiri kwamba alikuwa na nyumba. Aliyetoka katika dhehebu hana dawati la kumpokea. Nyumba yake haikuchomwa na adui. Aliiuza mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa furaha. Ndugu humwuliza: kwani nani alikulazimisha?

Wala serikali haikuwa imekosa uwezo wa kuingia. Septemba 1999, miezi sita kabla ya Kanungu, polisi walilivamia kundi la Wilson Bushara huko Luwero na kulitawanya. Magereza ya imani huweza kufunguliwa kutoka nje. Tatizo huanza baada ya hapo, na mwambao wa Kenya umelionyesha kwa uwazi wa kutisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, si mbali na Malindi, yalifukuliwa makaburi ya wafuasi wa Paul Nthenge Mackenzie, waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu, na waliopatikana wakazidi mia nne. Baadhi waliokolewa wakiwa hai. Hakukuwa tena na mlinzi wala mhubiri juu yao, chakula kiliwekwa mbele yao, na bado wakakikataa. Mwezi Juni watu 65 kati yao wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua. Mahakama iliweza kuamuru wapelekwe gerezani, na baadaye waangaliwe na madaktari. Kuwarudisha nyumbani lilikuwa jambo jingine, kwa sababu walikuwamo walioacha kazi na kuuza kila walichokuwa nacho ili wanunue kiwanja msituni, na waliokuwa wakiwajua kwa majina yao ya zamani walikuwa wameingia msituni pamoja nao.